Shajara ya mradi: voltimita inayojichagulia ngazi

Siku ya 1

Voltimita yangu ya ICL7107, chipu inayopima volti na kuwasha taa za tarakimu yenyewe, inafanya kazi vizuri, lakini kuna kero moja ambayo nimeamua kuimaliza. Ina tarakimu tatu na nusu, yaani inahesabu hadi 1999, na ngazi nne za upimaji: milivolti 200, volti 2, volti 20 na volti 200, zote za mkondo mnyoofu. Kuhama ngazi ni kwa swichi ya kuzungusha. Kero ya swichi hiyo utaijua siku mikono yote miwili imeshika waya za kupimia, ncha moja iko kwenye mguu wa transista, nyingine kwenye ardhi ya saketi, na kioo kinakuonyesha "1" peke yake upande wa kushoto, yaani kipimo kimezidi ngazi. Unaachia waya, unazungusha swichi, unautafuta tena ule mguu. Ukirudia mara tatu, kuna siku ncha itateleza na kugusanisha miguu miwili, na transista imekwenda.

Nataka voltimita ichague ngazi yenyewe. Nimejiwekea sharti moja: hakuna chipu ya kuandikiwa programu. Sina ugomvi na chipu hizo, nazitumia kwingine. Ila ICL7107 kila inapomaliza kupima tayari inajua kama imezidiwa au imepewa kidogo mno, na jibu hilo liko wazi kwenye taa zake. Nataka kulichukua palepale.

Siku ya 2

Nilianza na kutafuta dalili. Ndugu yake, ICL7135, ana pini mbili za kazi hii, moja ya kusema kipimo kimezidi na nyingine ya kusema kimepungua. ICL7107 haina. Ina vijiti vya taa tu: vijiti saba kwa kila tarakimu, A hadi G, na tarakimu ya maelfu ambayo ni "1" au giza.

Ikizidiwa, inawasha "1" ya maelfu na kuzima tarakimu tatu zinazofuata. Kwa hiyo ninachohitaji kujua ni mambo mawili: je, ile "1" inawaka, na je, tarakimu ya mamia ni giza? Kujua giza si lazima kukagua vijiti vyote saba. Nilichora tarakimu 0 hadi 9 kwenye karatasi nikaona kwamba kijiti B kinazimika kwenye 5 na 6 pekee, na zote mbili zinawasha F. Basi B na F vikiwa vimezimika pamoja, hapo hakuna tarakimu yoyote.

Upande wa kupungua nao ulinifurahisha. Nataka kushuka ngazi pale tarakimu ya mamia inapokuwa 0 na "1" ya maelfu imezimika, yaani hesabu iko chini ya 100. Kijiti E kinawaka kwenye 0, 2, 6 na 8. Kati ya hizo nne, ni 0 pekee isiyowasha G, kile cha katikati. E inawaka, G imezimika: ni sifuri, na haiwezi kuwa kingine.

Pini ni tano tu: 19 kwa "1" ya maelfu, kisha 16, 17, 18 na 22 kwa B, F, E na G za mamia. Ishara zenyewe nimezipa majina ZIDI na PUNGUA, na nitayatumia hadi mwisho wa shajara hii.

Mipaka hii miwili ina faida nyingine isiyoonekana mara moja. Kipimo kikifika 2000 kinapanda ngazi, na huko juu kinasomeka 200. Ili kirudi chini lazima kishuke hadi chini ya 100. Kati ya 100 na 199 voltimita inabaki ilipo. Bila pengo hilo, volti inayochezacheza kwenye mpaka ingeirusha saketi juu na chini bila kikomo.

Siku ya 3

Nilipeleka vijiti vitano moja kwa moja kwenye geti za CMOS, yaani saketi za mantiki zinazojua hali mbili tu, juu na chini. Hakikutokea kitu. ZIDI ilikaa chini hata kioo kilipoonyesha wazi kwamba kimezidiwa.

Nilichukua mita nyingine nikapima pini 16. Kijiti kikiwaka: volti 3.1. Kijiti kikizimika: volti 3.5. Nilipima tena, nikidhani nimekosea pini.

Sikuwa nimekosea. ICL7107 inavuta mkondo wa LED kupitia pini, lakini haiivuti pini hadi sifuri. Taa nyekundu inakula karibu volti 1.9 kutoka kwenye volti 5, na zinazobaki zinaangukia ndani ya chipu yenyewe. Taa ikizimika nayo haiiachi pini ipande hadi 5, kwa sababu mita yangu inavuta chembe ya mkondo kupitia taa hiyohiyo. Geti ya CMOS inayotumia volti 5 inagawa juu na chini karibu na volti 2.5. Kwake yeye, 3.1 na 3.5 zote ni juu.

Dawa ni transista ya PNP kwa kila kijiti. Emita iko kwenye volti 5, besi inakwenda kwenye pini kupitia 10 kΩ, na 47 kΩ inaunganisha besi na emita. Kolekta ina 22 kΩ kwenda ardhini. Kijiti kikiwaka, volti 1.9 zilizo kati ya pini na volti 5 zinatosha kabisa kuifungua transista, na kolekta inaruka hadi karibu volti 5. Kijiti kikizimika, ile 47 kΩ inaivuta pini juu na kolekta inalala sifurini. Nimetumia BC557 tano. Sasa ishara ni safi, tena zimekaa kwa maana iliyonyooka: juu ni inawaka, chini ni imezimika.

Baada ya hapo CD4025 moja, yenye geti tatu za NOR (tokeo liko juu pale tu miingilio yote ikiwa chini), inatosha kwa kazi yote. Geti mbili zinatoa ZIDI na PUNGUA, ya tatu inageuza ishara ya maelfu. Kugeuza E niliongeza transista moja ya NPN.

Siku ya 5

Hii ndiyo siku niliyojifunza zaidi.

Kigawa volti cha zamani ni mnyororo wa 9 MΩ, 900 kΩ, 90 kΩ na 10 kΩ. Swichi ya kuzungusha ilikuwa ikichagua kiungo kimojawapo na kukipeleka kwenye ICL7107. Wazo langu lilikuwa kuiondoa swichi na kuweka CD4051, swichi ya kielektroniki yenye njia nane, yenye umeme wa volti +5 na −5. Ukinzani wa ndani wa CD4051 unafika mamia ya omu, lakini haudhuru, maana mwingilio wa ICL7107 hauvuti mkondo wa kuhesabika. Kwenye karatasi kila kitu kilikaa sawa.

Nilijaribu na betri za volti 9, nikiziongeza moja moja kwa mfululizo huku nikichagua ngazi kwa mkono. Betri moja, 9.4. Tatu, 28.3. Sita, 55.6. Nikaweka ya saba: 55.8. Ya nane: 55.8. Kumi, ambazo mita nyingine ilisoma karibu volti 95: bado 55.8.

Namba iliyogoma namna ile inajieleza yenyewe. Kwenye ngazi ya volti 200, kiungo ninachosoma ni cha chini kabisa. Lakini viungo vingine navyo vimefungwa kwenye CD4051, vinangoja zamu yao. Kiungo cha ngazi ya volti 2 hubeba sehemu moja ya kumi ya volti inayoingia. Ukiingiza volti 95 kinataka kufika 9.5, lakini CD4051 ina dayodi za kujilinda ndani, zinazoanza kupitisha mkondo pini inapozidi volti ya umeme wake kwa nusu volti hivi. Kwa hiyo kiungo kinabanwa karibu na 5.6. Na kwa kuwa mnyororo ni mmoja, kila kilicho chini yake kinabanwa nacho. Sehemu moja ya kumi ni 5.6, basi voltimita inaamini kwamba imepewa 56.

Swichi ya kuzungusha haikuwahi kunionyesha tatizo hili kwa sababu kiungo kisichochaguliwa kilikuwa hakijagusana na kitu chochote. Kwenye swichi ya silikoni, kutochaguliwa hakumaanishi kwamba umetengwa.

Nilifikiria kuweka rezista kubwa kati ya kila kiungo na CD4051. Hesabu haikubali. Kiungo chenyewe kina ukinzani wa karibu 900 kΩ, na hata 1 MΩ ya ziada ingeendelea kukivuta. Nimeing'oa CD4051 kwenye bodi.

Siku ya 8

Kigawa volti kipya kimepinduliwa. Juu kuna 10 MΩ moja isiyobadilika, kutoka mwingilio hadi kiungo kimoja tu, na kiungo hicho ndicho ICL7107 inachosoma. Kubadili ngazi ni kuongeza rezista kutoka kwenye kiungo hicho kwenda ardhini. Bila rezista ya chini, ni milivolti 200. Ukiongeza, unapata 2, 20 na 200.

Uzuri wake ni kwamba kiungo hiki, ngazi ikiwa sahihi, hakizidi milivolti 200 hata uwe unapima volti 190. Volti kubwa yote inabaki juu ya ile 10 MΩ. Nimeitengeneza kwa rezista kumi za 1 MΩ za asilimia 1 zilizopangwa mfululizo, ili kwa volti 200 kila moja ibebe volti 20 tu.

Cha kuunganisha zile rezista za chini ni relei ndogo za mwanzi, zile zenye ncha mbili ndani ya kichupa cha kioo. Ukinzani wake zikifunga ni sehemu ya omu moja, na zikifunguka ni kama hewa. Koili inavuta takriban miliampea 10 kwa volti 5. Transista za MOSFET zingefaa pia, ila hapa volti inaweza kuwa chanya au hasi, na sikutaka kuanza kubishana na dayodi iliyomo ndani ya MOSFET.

Hapa pia nilipata kitu kizuri kuliko nilichotarajia. Ukiziwasha relei moja baada ya nyingine bila kuizima ya kwanza, yaani K1, kisha K1 na K2, kisha zote tatu, thamani za rezista zinatoka 1.1111 MΩ, 111.11 kΩ na 11.111 kΩ. Zote ni mfano mmoja uliogawanywa kwa kumi. Kila moja nimeiunda kwa rezista mbili na trima, rezista ndogo ya kurekebisha kwa kuzungusha: 1 MΩ na 82 kΩ na trima ya 50 kΩ, kisha hivyohivyo ukigawa kwa kumi, na tena kwa kumi.

Siku ya 9

Kiungo kinahitaji ulinzi kwa zile sekunde ambazo ngazi bado haijapanda. Niliweka dayodi mbili za 1N4148 zinazotazamana kinyume, kutoka kwenye kiungo kwenda ardhini, kama nilivyozoea. Kisha nikaingiza milivolti 150. Kioo kikasoma 67.

Nilipokuwa nimeinama kuangalia lehemu, kivuli cha kichwa changu kilipita juu ya bodi na namba ikabadilika. Nikainua kichwa, ikarudi. Nikaweka kiganja kati ya taa ya meza na zile dayodi: ikabadilika tena. 1N4148 imefungwa kwenye kioo, na mwanga ukiufikia ule muungano wa silikoni unazalisha mkondo. Mkondo wenyewe ni mdogo sana, lakini hapa unapita kwenye 10 MΩ, na kila nanoampea 1 inageuka kuwa milivolti 10.

Mwanga ulikuwa sehemu ndogo tu ya kosa. Kosa kubwa ni kwamba 1N4148 inaanza kuvuja mapema mno. Hata kwenye makumi machache ya milivolti inapitisha nanoampea kadhaa, na hiyo inatosha kumeza zaidi ya nusu ya kipimo.

Nimezibadilisha na miungano ya besi na kolekta ya transista za BC547, emita nikiiacha wazi. Uvujaji wake ni mdogo mara elfu nyingi, na plastiki yake nyeusi haipitishi mwanga. Nimepanga mbili mfululizo kwa kila upande ili kila moja ibebe nusu tu ya milivolti 200. Kiungo sasa kinabanwa karibu na volti 1, na 150 inasomeka 150.0.

Baada ya kulehemu niliosha eneo lote la kiungo kwa spiriti na mswaki laini. Mabaki ya dawa ya lehemu yanavuta unyevu, na kwenye 10 MΩ hata utando usioonekana unakuwa rezista.

Siku ya 11

Ubongo wa saketi. Mpango wa kwanza ulikuwa kaunta ya kwenda juu na chini, pamoja na geti za kuizuia isipite mwisho, yaani isitoke ngazi ya nne ikaangukia ya kwanza. Lakini mpangilio wa relei niliouchagua juzi ulikuwa tayari unaomba kitu kingine: rejista ya kusukuma, 74HC194, chipu inayoshika nafasi nne za 0 au 1 na kuzisogeza kwa kila pigo.

Rejista hii ina pini mbili za amri. Zote zikiwa chini, inatulia. Ya kwanza ikiwa juu, inasukuma kwenda kulia. Ya pili ikiwa juu, inasukuma kwenda kushoto. Nimeipeleka ZIDI kwenye ya kwanza na PUNGUA kwenye ya pili, moja kwa moja. Kwenye mlango wa kushoto inaingia 1 daima, na kwenye mlango wa kulia inaingia 0 daima. Kwa hiyo kila ZIDI inaongeza 1: 1000, 1100, 1110. Kila PUNGUA inaondoa moja. Ikiwa tayari ni 0000 na PUNGUA ikaja, inabaki 0000. Geti za kuzuia mwisho hazihitajiki tena, maana mwisho unajizuia wenyewe.

Matokeo matatu ya kwanza yanaendesha relei tatu kupitia transista, kila koili ikiwa na dayodi yake ya kunyonya msukumo wa kuzima. Tokeo la nne lilikuwa limebaki bila kazi. Linawaka pale tu ZIDI inapoendelea kuja hata baada ya relei zote kufunga, yaani volti imepita 200. Nimelipa taa nyekundu ya onyo.

Nukta ya desimali inafuata matokeo hayohayo kupitia geti chache za XOR (tokeo liko juu miingilio miwili ikitofautiana). Hapo hapakuwa na la kusimulia.

Siku ya 12

Niliunganisha kila kitu, nikagusisha waya kwenye volti 5, na relei zikaanza kulia. Tik, tik, kimya, tik, tik, kimya. Hazikutulia. Kwa kukitazama kioo niliona inapanda kutoka ngazi ya volti 2 hadi ya 20, inaipita na kufika 200, kisha inashuka hadi 20, inaipita tena hadi 2, na mzunguko unaanza upya. Ngazi sahihi ilikuwa ya katikati, na ndiyo pekee ambayo haikukaa.

Sababu iko kwenye muda. ICL7107 yangu inaendeshwa na mapigo ya 40 kHz, na kila kipimo kinamalizika kwa mapigo 16,000, yaani vipimo viwili na nusu kwa sekunde. Nilichagua 40 kHz kwa makusudi: kipindi chake cha kukusanya volti kinakuwa milisekunde 100, sawa na mizunguko mitano kamili ya umeme wa 50 Hz, na mvumo wa umeme wa nyumbani unajifuta wenyewe. Mapigo hayo yanatoka kwenye CD4060, chipu ya kuzalisha mapigo na kuyagawa, na CD4060 hiyohiyo inayagawa kwa 16,384 ili kuipa rejista pigo lake. Kipimo kimoja, pigo moja. Nilidhani inatosha.

Haitoshi. Relei ikifunga katikati ya kipimo, kipimo hicho kimeharibika: sehemu yake ni ya ngazi ya zamani, sehemu ni ya mpya. Na hadi kiishe, kioo bado kinaonyesha matokeo ya awali. Pigo la pili linaikuta ZIDI ileile ya zamani bado iko juu, nayo rejista inatii na kupanda tena. Saketi ilikuwa ikiamua kwa habari iliyopitwa na wakati.

Kipimo cha kuaminika ni kile kilichoanza baada ya ngazi kubadilika na kikaisha. Hata ngazi ikibadilika sekunde ambayo kipimo ndiyo kwanza kimeanza, vipimo viwili kamili vinatosha kukipata. Kwa hiyo niliongeza nusu ya CD4013 kugawa tena kwa mbili: 32,768. Ukigawa hiyo kwa 16,000 unapata vipimo 2.048. Ni vipimo viwili na nafasi ya milisekunde 19 hivi, na kwa kuwa mapigo yote yana chanzo kimoja, uwiano huo haubadiliki hata CD4060 ikipata joto na kasi yake ikasogea kidogo.

Volti 5 tena. Tik, tik, kimya. 5.01. Niliiacha dakika kumi, haikusogea.

Kutoka chini kabisa hadi ngazi ya volti 200 ni hatua tatu, karibu sekunde mbili na nusu. Ningependa iwe haraka zaidi, lakini sitaki kununua haraka hiyo kwa kurudisha yale yaliyotokea asubuhi.

Siku ya 14

Nimekuta kosa lingine, na safari hii halikuhitaji hata kupima kitu. Waya zikiwa zimelala mezani bila kugusa chochote, relei K1 inafunga, inafunguka, inafunga. Kwenye ngazi ya milivolti 200 hakuna rezista ya chini, kwa hiyo mwingilio unaelea na kuokota chochote kilicho hewani. Unapanda polepole hadi ZIDI, K1 inafunga, 1.1 MΩ inaushusha hadi sifuri, PUNGUA inakuja, K1 inafunguka, na kiungo kinaanza kupanda tena.

Niliweka 22 MΩ kati ya mwingilio na ardhi, kabla ya ile 10 MΩ. Haiharibu uwiano wa kigawa volti kwa sababu iko sambamba na kitu kinachopimwa. Bei yake ni kwamba kwenye ngazi za juu mwingilio wote sasa una takriban 7 MΩ badala ya 10. Kwa kazi ninazofanya hiyo si shida, na ukimya wa relei mezani nauthamini zaidi.

Kapasita ya kuchuja nayo nimeishusha kutoka 10 nF hadi 1 nF. Zamani ilikuwa na 1 MΩ mbele yake. Sasa ina 10 MΩ, na ningeiacha ilivyo ingechukua karibu robo tatu ya sekunde kutulia.

Siku ya 16

Kusawazisha. Utaratibu hapa ni lazima ufuatwe, kwa sababu kila ngazi inasimama juu ya iliyo chini yake: K2 haifanyi kazi bila K1, na K3 haifanyi kazi bila zote mbili.

Kwanza milivolti 200. Nimeingiza milivolti 190 na kuzungusha trima ya volti ya rejea, ile ambayo chipu inalinganisha nayo kila kipimo, hadi kioo kikasema 190.0. Volti hiyo ya rejea ni milivolti 100, nayo naitoa kwenye LM385 ya nje, kijenzi cha kutoa volti isiyoyumba, si kwenye rejea iliyomo ndani ya ICL7107. Chipu hii inawasha LED yenyewe, kwa hiyo joto lake linabadilika kadiri vijiti vinavyowaka. Ikizidiwa, tarakimu tatu zinazimika, inapoa, rejea ya ndani inasogea, na kipimo kilicho karibu na 2000 kinaweza kuingia na kutoka kwenye ZIDI kwa sababu ya joto tu. Kwa voltimita ya ngazi moja hilo ni jambo dogo. Kwa hii ingekuwa relei inayolia bila sababu.

Kisha volti 1.9 na trima ya K1, volti 19 na trima ya K2, na mwisho zile betri kumi na trima ya K3. Baada ya K3 nilirudi mwanzo nikapitia ngazi zote tena bila kugusa trima. Tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa hesabu moja.

Jambo moja nimeliona na ninaliacha: volti kubwa ikiingia ghafla, kipimo cha kwanza baada ya ngazi kutulia kinaweza kupotea kwa hesabu mbili tatu, kisha kinachofuata kinakaa sawa. ICL7107 ikizidiwa inabakiza chaji kwenye kapasita zake, na mzunguko wake hauna hatua maalumu ya kuifuta. Mipaka ya ZIDI na PUNGUA iko mbali kiasi kwamba hesabu tatu haziwezi kuidanganya rejista.

Siku ya 17

Nimeongeza swichi ndogo inayovuta ZIDI na PUNGUA zote mbili ardhini, kila moja ikiwa na 10 kΩ mbele ya rejista. Pini za amri zikiwa chini, rejista inatulia na ngazi inabaki ilipo. Inafaa unapofuatilia volti inayopanda na kushuka kwa upana, kwa mfano kapasita inayochaji, ambapo kubadilika kwa ngazi kunakukatiza.

Swichi ya kuzungusha nimeitoa, na tundu lake kwenye sanduku la plastiki ndimo ilimokaa ile taa nyekundu. Leo mchana nimeitumia kupima miguu ya transista kwenye redio niliyoifungua: besi 0.64, kolekta 6.18, chanzo cha umeme 11.9. Macho yalibaki kwenye ncha za waya, na masikio yalinitosha kujua ngazi imehama.